Kondoo mwenye nakala moja ya jeni huzaa mapacha, mwenye nakala mbili huwa tasa: mnalielezaje?

#1 Mfugaji_Kimya

Salaam wakuu.

Nimekuwa nikisoma habari za kondoo wa Inverdale, ukoo uliogunduliwa miongoni mwa kondoo wa aina ya Romney huko New Zealand, na kuna jambo limenikalia kichwani wiki nzima. Kondoo hao wana badiliko katika jeni ya BMP15, ambayo hutengeneza mojawapo ya zile protini tunazoziita vichocheo vya ukuaji. Protini hiyo hutolewa na yai lenyewe likiwa bado ndani ya ovari, na jeni yake imo katika kromosomu X. Kondoo jike mwenye nakala moja iliyobadilika hupevusha kwa wastani yai moja zaidi ya wenzake kila anapoingia kwenye joto, hivyo mapacha kwake si habari. Jike mwenye nakala mbili zilizobadilika ni tasa moja kwa moja: ovari zake ni vijiti vyembamba, na folikili, yaani vile vifuko vinavyolea mayai, hukwama vikiwa vichanga.

Kama protini hii ni ya lazima ili yai likue, kuipunguza kulipaswa kupunguza uzazi, lakini uzazi unaongezeka. Na kama ni breki, basi kuiondoa yote kulipaswa kuleta mayai chungu nzima. Ni nani anayeweza kunieleza jinsi kitu kimoja kinavyokuwa mafuta na breki katika gari lile lile?

#2 MwalimuJeni

Swali zuri, mkuu. Jibu langu ni kwamba gari ni lile lile, lakini unaliangalia likiwa katika sehemu mbili tofauti za safari.

Folikili ikiwa changa kabisa haitegemei homoni za pituitari, ile tezi ndogo iliyo chini ya ubongo. Wakati huo yai ndilo linalowaamrisha majirani zake, seli za granulosa, wagawanyike na kujipanga tabaka juu ya tabaka, na BMP15 ni sehemu ya amri hiyo. Isipokuwepo kabisa, tabaka la pili haliundwi na mchezo unaishia hapo. Baadaye folikili inapokuwa kubwa na kuanza kutegemea FSH, homoni ya tezi hiyo inayokuza folikili, kazi ya BMP15 inageuka: inazuia seli za granulosa zisitengeneze vipokezi vingi vya FSH, na hivyo kuzichelewesha kukomaa. Kondoo mwenye nakala moja nzima ana protini ya kutosha kuvuka hatua ya kwanza, lakini breki ya hatua ya pili imelegea, kwa hiyo folikili kadhaa hukomaa mapema badala ya moja.

#3 Mbishi_wa_Kudumu

Mwalimu, maelezo yako yamenyooka mno, na mimi huogopa maelezo yaliyonyooka. Mleta uzi amesema, nawe ukakubali bila kuuliza, kwamba nakala mbili ni utasa. Sivyo kila mahali. Kondoo wa Grivette wa Ufaransa na wa Olkuska wa Poland nao wana mabadiliko katika BMP15 hiyo hiyo, na majike wenye nakala mbili zilizobadilika hawawi tasa hata kidogo. Ndio wanaopevusha mayai mengi kuliko wote. Kwa hiyo kichwa cha uzi huu ni kweli kwa Inverdale na koo nyingine kadhaa, lakini si kanuni ya jeni yenyewe.

#4 Mfugaji_Kimya

Nimekubali kosa, mkuu, na kichwa kitabaki kilivyo kwa sababu siwezi tena kukibadilisha. Lakini naomba msaada wa hesabu. Dume mwenye jeni ya Inverdale akipandishwa kwa jike mwenye nakala moja, je, si robo ya majike watakaozaliwa ndio watakuwa tasa?

#5 MwalimuJeni

Hapana, ni nusu ya majike. Dume ana X moja tu, na anampa kila binti yake X hiyo hiyo, kwa hiyo mabinti wote tayari wana nakala moja kabla hujamwangalia mama. Mama naye huwapa nusu yao nakala ya pili. Robo unayoisema ni robo ya wanakondoo wote, madume wakiwemo. Ndiyo maana wanaofuga ukoo huu hutumia dume mwenye jeni kwa majike wasio nayo kabisa, na mabinti wote huwa wazaaji wa mapacha bila hata mmoja kuwa tasa. Dume mwenyewe haathiriki. Anazalisha kama kawaida.

#6 Folikili_Mkuu

Napenda uzi huu, lakini naona wote mnatazama ndani ya folikili moja, ilhali siri iko katika mazungumzo kati ya ovari na ubongo.

Chukueni kondoo wa Booroola, ukoo wa Merino wa Australia. Mwaka 2001 makundi matatu ya watafiti, kila moja kivyake, yalikuta kwamba wana badiliko katika BMPR1B, ambacho ni kipokezi kinachoipokea BMP15. Nakala moja huongeza takriban yai moja na nusu kwa wastani, na nakala mbili huongeza takriban mayai matatu. Folikili za kondoo hawa hupevuka zikiwa ndogo, milimita 3 hadi 5 hivi, wakati za kondoo wa kawaida husubiri zaidi ya milimita 5.

Folikili ndogo ina seli chache, na seli chache hutoa estrojeni na inhibini kidogo. Hizo mbili ndizo zinazoiambia pituitari ipunguze FSH. Kwa kawaida folikili moja kubwa hupiga kelele peke yake, FSH ikashuka, na wadogo zake wakafa kwa njaa. Katika Booroola sauti ya kila folikili ni ndogo, kwa hiyo FSH haishuki mpaka folikili kadhaa zipige kelele pamoja, na kufikia hapo zote zimeshakomaa. Ukijumlisha seli za granulosa za folikili zote zilizokomaa katika kondoo wa Booroola, unapata idadi inayokaribiana na ya folikili moja ya kondoo wa kawaida. Mwili haukuongeza kitu. Umeigawa kazi ile ile kwa wengi.

#7 Mbishi_wa_Kudumu

Hoja nzuri, ila inaanzia katikati. Folikili inapevuka ikiwa ndogo kwa sababu gani? Ukijibu kwamba breki imelegea, umerudi kwa Mwalimu kwa mlango wa nyuma. Tena kipokezi hicho hakimo katika ovari peke yake. Kimo pia katika pituitari, na kwa miaka mingi wapo waliosema kwamba Booroola huanza na FSH ya juu kutoka kichwani. Wengine walipopima katika makundi mengine ya kondoo hawakuona tofauti. Naomba tusijifanye jambo hilo halikuwahi kuleta ubishi.

#8 SeliShina

Wakuu, ngoja niwavurugie zaidi. Panya wa maabara hafuati kitabu cha kondoo.

Mwaka 1996 ilionyeshwa kwamba panya jike asiye na GDF9, ambayo ni ndugu wa karibu wa BMP15 na pia hutolewa na yai, ni tasa kabisa, na folikili zake hukwama katika tabaka moja. Watu wakatarajia kwamba kumwondolea BMP15 kungeleta balaa kama hilo. Haikuwa hivyo. Panya jike asiye na BMP15 anazaa, ingawa watoto wake hupungua kidogo.

Maelezo ninayoyapenda ni kwamba kila mnyama huzitoa protini hizi mbili katika hali tofauti. GDF9 ya panya hutoka ikiwa tayari kufanya kazi, lakini BMP15 yake karibu haifanyi kazi. Kwa binadamu ni kinyume: BMP15 hutoka ikiwa hai, na GDF9 hutoka imefungwa. Tena hizi mbili zinaweza kushikana na kuwa pacha mmoja mwenye nguvu kuliko kila moja peke yake. Kwa mtazamo huo, swali la mleta uzi halihusu kiasi cha BMP15 tu, bali uwiano wake na GDF9. Ukipunguza moja, unabadilisha pia idadi ya wale pacha wanaoundwa.

#9 MamaMapacha

Habari zenu. Mimi si mtaalamu, nimeletwa na jina langu. Nimezaa mapacha wasiofanana, mama yangu alizaa mapacha wasiofanana, na dada yake vilevile. Je, sisi ni ukoo wa Booroola?

#10 MwalimuJeni

Karibu, dada. Kwa binadamu hakuna jeni moja yenye nguvu ya namna hiyo. Akina mama wachache waliozaa mapacha wasiofanana wamekutwa na mabadiliko katika GDF9, lakini hao ni sehemu ndogo sana. Utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2016, uliopitia jenomu nzima za akina mama wa mapacha, ulionyesha sehemu mbili: moja karibu na jeni inayotengeneza FSH, na nyingine katika SMAD3. Hii ya pili isikupite, kwa sababu SMAD3 ni tarishi wa ndani ya seli anayechukua habari kutoka kwa vipokezi vya ukoo huu huu wa vichocheo na kuipeleka kwenye kiini. Kwa hiyo undugu na kondoo upo, lakini ni wa mbali, na kila jeni inachangia tone tu.

#11 Mbishi_wa_Kudumu

Mwalimu amemtendea ukarimu dada yetu kwa kuacha upande wenye uchungu. Mwaka 2004 waliripotiwa ndugu wawili wa kike waliorithi kutoka kwa baba yao badiliko katika nakala moja tu ya BMP15. Kwa mantiki ya Inverdale wangezaa mapacha. Badala yake ovari zao zilishindwa kufanya kazi mapema. Nakala moja, jeni ile ile, matokeo kinyume.

#12 SeliShina

Na hilo linatetea hoja ya uwiano, mkuu. Protini iliyoharibika haikai tu pembeni. Inaweza kushikana na nzima na kuiharibu. Hapo nusu si nusu tena.

#13 Mtamba

Wakuu, naomba kuongeza kisa kutoka zizini, kwa sababu kinahusu kichocheo cha ukoo huo huo.

Miaka kadhaa iliyopita ng'ombe wangu alizaa mapacha, dume na jike. Jike alikuwa mzuri, mwenye afya, akakua vizuri kuliko ndama wote wa mwaka ule, nami nikamtunza kwa matumaini. Alipofika umri wa kupandwa hakuonyesha joto. Nikasubiri. Mhimilishaji alipokuja alichukua mrija mwembamba butu akauingiza taratibu kupima urefu wa uke, na mrija ukagota kabla haujafika nusu ya kina cha mtamba wa kawaida. Akaniuliza swali moja tu: huyu alizaliwa na dume? Niliposema ndiyo, akafunga mkoba wake.

Zaidi ya asilimia 90 ya ndama jike wanaozaliwa pacha na dume huwa hivyo. Mishipa ya damu ya kondo zao huungana mapema tumboni, na korodani za dume hutoa homoni ya AMH, ambayo kazi yake ni kuyeyusha mirija ambayo ingekuwa mji wa mimba. Dume anaihitaji, lakini damu ni ya wote wawili, kwa hiyo dada yake anaipata pia. Frank Lillie alieleza kuhusu mchanganyiko huo wa damu tangu mwaka 1916, ingawa homoni yenyewe ilikuwa bado haijajulikana.

#14 Mfugaji_Kimya

Pole sana, Mtamba. Sasa nimeogopa. Kama nikiwa na kondoo wa mapacha watupu, je, nusu ya majike wangu hawatapatwa na hilo?

#15 Mtamba

Ondoa hofu. Kwa kondoo mishipa ya kondo huungana kwa nadra, hivyo jike pacha wa dume kwa kawaida huzaa bila shida. Ni ng'ombe ndiye mwenye balaa hili.

#16 Mbishi_wa_Kudumu

Nina pingamizi la istilahi. AMH ni homoni. Mleta uzi aliuliza kuhusu vichocheo vya ukuaji. Tena tazameni kazi yake: inayeyusha. Kichocheo cha ukuaji kinachoyeyusha kina sifa gani ya kuitwa hivyo?

#17 Folikili_Mkuu

Jina ni historia, mkuu. AMH, inhibini, activini, GDF9 na BMP15 zote zimejengwa kwa ramani moja na ni ukoo mmoja pamoja na TGF-beta, kichocheo ambacho ukoo wenyewe umepewa jina lake. Zilipewa majina na watu tofauti waliozikuta zikifanya kazi tofauti. Na hiyo AMH haiachi kazi baada ya kuzaliwa: katika ovari ya jike mkubwa hutolewa na folikili ndogo zinazokua, na huzuia zile zilizolala zisiamke zote pamoja. Ndiyo maana hupimwa katika damu ili kukadiria akiba ya mayai. Hupima wingi, haipimi ubora. Naona watu wengi wakilia bure kwa kuchanganya hayo mawili.

#18 MamaMapacha

Asante, Folikili. Hilo la akiba limenipa swali. Kama kondoo hawa wanatoa mayai mawili au matatu badala ya moja, je, hawamalizi akiba yao mapema? Mimi mwenyewe niliwahi kuambiwa kwamba mama wa mapacha huingia ukomo wa hedhi haraka kwa sababu ametumia mayai maradufu.

#19 MwalimuJeni

Hesabu inakataa, dada. Mtoto wa kike wa binadamu huzaliwa na folikili takriban milioni 1 hadi 2, na katika maisha yake yote hupevusha mayai kama 400 hadi 500. Mengine yote hufa njiani bila kupevushwa. Hata ukiongeza mayai yanayopevushwa mara mbili, umegusa tone katika pipa.

Kinachomaliza pipa ni kuamka kwa folikili zilizolala. Hapo kuna njia nyingine ya ishara, inayopita katika PI3K na AKT, na ndani ya yai breki zake ni PTEN na FOXO3. Panya asiye na FOXO3 huamsha folikili zake zote mapema, akawa tasa angali kijana. Akiba iliwaka yote mara moja.

#20 Mkimya_Mwingine

Nimesoma post 19 zote za majike. Madume hawana vichocheo?

#21 SeliShina

Wanavyo, tena kwao hadithi ya kiasi ni wazi zaidi. Ndani ya korodani, seli za Sertoli hutoa GDNF, ambayo huzifanya seli shina za mbegu za kiume zibaki kuwa shina. Mwaka 2000 ilionyeshwa kwamba panya dume mwenye nakala moja tu ya GDNF hupoteza seli shina hizo polepole, mirija ikabaki mitupu. Panya aliyeongezewa GDNF kupita kiasi naye alipata shida: seli shina zilirundikana na zikakataa kukomaa kuwa mbegu. Mleta uzi, kama ungeanzia korodani hungeuliza juu ya mafuta na breki. Pungufu ni utasa, na ziada pia ni utasa.

Kipo pia kipokezi cha KIT, ambacho mwenye macho anaweza kuona athari yake bila darubini. Panya wenye hitilafu hapo huwa na mabaka meupe manyoyani, upungufu wa damu, na mara nyingi utasa, kwa sababu seli za rangi, za damu na za uzazi zote huitegemea ishara hiyo ili zisafiri na kuishi. Mfugaji wa panya wa miaka hiyo aliona baka jeupe. Korodani tupu zilikuwa nyuma yake.

#22 Nyongeza_Ndogo

Kwa madume kuna kisa cha mate pia. Tezi za mate za panya dume zimejaa EGF, kichocheo kingine cha ukuaji, na ni huko Stanley Cohen alikoipata, akashiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 1986 na Rita Levi-Montalcini. Mwaka huo huo wa 1986 ikachapishwa kazi iliyosema kwamba panya dume akitolewa tezi hizo, mbegu zake za kiume hupungua sana, na akirudishiwa EGF zinapanda tena.

#23 Mbishi_wa_Kudumu

Na wengine waliporudia hawakuona upungufu huo. Nimeliweka hapa kabla mtu hajaanza kumpa ushauri dume yeyote kuhusu kutema mate.

#24 Mkimya_Mwingine

Nimemeza mate kwa adabu, mkuu.

#25 Ngamia_Mtulivu

Mmeitaja Nobel ya 1986 mkaacha utamu wake. Levi-Montalcini alikuwa wa NGF, kichocheo cha ukuaji wa neva, ambacho hakuna aliyedhani kingeonekana katika uzi wa uzazi. Sasa sikieni. Ngamia, lama na alpaka hawapevushi yai kwa ratiba. Hupevusha baada ya kupandwa. Kwa muda mrefu ilidhaniwa ni msuguano tu. Mwaka 1985 watafiti wa China waliripoti kwamba majimaji ya shahawa ya ngamia wa nundu mbili yenyewe huleta upevushaji. Baadaye ikaonekana kwamba ukimdunga alpaka jike majimaji hayo msulini, bila dume kumgusa, idadi kubwa hupevusha. Mwaka 2012 protini inayofanya kazi hiyo ilitambuliwa, na ilikuwa NGF.

Dume anatuma kichocheo cha neva, kinaingia katika damu ya jike, LH, homoni ya pituitari inayoamrisha upevushaji, inapanda, na yai linatoka. Naongeza tu kwamba NGF imo pia katika shahawa ya fahali, lakini ng'ombe hapevushi kwa sababu hiyo.

#26 Mtamba

Ngamia, hilo limenifurahisha. Lakini nirudishe mjadala kwenye chakula, kwa sababu naona mnazungumza kana kwamba ovari inaelea hewani. Ng'ombe wa maziwa mengi akizaa hutumia nguvu nyingi kuliko anazokula. Ini lake hupunguza vipokezi vya homoni ya ukuaji, IGF-1, kichocheo cha ukuaji kinachofanana na insulini, hushuka katika damu, na folikili zinazoihitaji ili ziitikie FSH na LH husuasua. Matokeo yake upevushaji wa kwanza huchelewa. Kwa mfugaji, hiki ndicho kichocheo chenye maana ya kila siku, wala si jeni adimu ya kondoo wa mbali.

#27 Mbishi_wa_Kudumu

Mbona watu wenye dalili za Laron, ambao kipokezi chao cha homoni ya ukuaji hakifanyi kazi na IGF-1 yao ya damuni iko chini maisha yote, hubalehe kwa kuchelewa lakini huzaa? Panya asiye na IGF-1 kabisa ni tasa, sawa. Lakini anayekosa kipokezi cha homoni ya ukuaji anazaa, ingawa watoto ni wachache.

#28 Folikili_Mkuu

Kwa sababu ovari hujitengenezea yake. Kwa binadamu iliyo nyingi zaidi ndani ya folikili ni IGF-2, na folikili inayotawala pia hutengeneza kimeng'enya kinachoikata protini inayoshikilia IGF, hivyo kuiachia huru pale pale inapohitajika. Kipimo cha damu hakikwambii kinachoendelea ndani ya kifuko cha milimita kumi. Mtamba yuko sahihi kuhusu ng'ombe wake, na wewe uko sahihi kuhusu Laron.

#29 Mtu_wa_Darubini

Nimekuwa nikisoma kimya. Nafanya kazi ya kukomaza mayai ya ng'ombe nje ya mwili, na ningependa mlione jambo hili kwa jicho, maana maneno yamekuwa mengi.

Yai likitolewa katika folikili huja limefunikwa na seli za kumulusi, zimebanana kama punje za bunzi. Unaliweka katika mchuzi wa kulishia wenye FSH na EGF, unalifungia katika joto la mwili, na baada ya saa 22 hadi 24 unalitazama tena. Zile seli zimeachana, zimetapakaa katika ute mzito unaovutika kama uzi kwenye ncha ya pipeti, na yai linaonekana katikati kama mbegu ndani ya jeli. Siku moja niliandaa mchuzi kwa haraka nikasahau kuweka FSH na EGF. Kosa lilikuwa langu. Kesho yake mafungu yote yalikuwa yamebanana vile vile kama nilivyoyaacha jana, na yaliyorutubishwa kati yake yalikuwa machache ya kutia aibu.

Jambo lenye maana kwa uzi huu ni kwamba LH, ambayo ndani ya mwili ndiyo inayotoa amri ya kupevusha, haina kipokezi cha kutosha kwenye seli za kumulusi wala kwenye yai. Mwaka 2004 ikaonyeshwa kwamba LH huziambia seli za ukuta wa folikili, nazo hutoa vichocheo vya jamii ya EGF, yaani amfiregulini, epiregulini na betaselulini, ambavyo ndivyo vinavyopeleka habari ndani. Na ajabu nyingine: mwaka 1935 Pincus na Enzmann walishaonyesha kwamba yai la sungura likitolewa tu ndani ya folikili huanza kukomaa lenyewe. Folikili hailisukumi yai likomae. Inalizuia, na ishara ya kupevusha huondoa kizuizi.

#30 Mfugaji_Kimya

Shukrani, Darubini. Kwa hiyo seli zinaliamrisha yai, na yai kupitia GDF9 na BMP15 linaziamrisha seli. Bosi ni nani?

#31 Mtu_wa_Darubini

Jaribu hili: seli za kumulusi za panya, ukitoa yai katikati yake, hazitapakai hata ukiweka FSH. Ukirudisha yai, au ukiweka GDF9 mahali pake, zinatapakaa. Kwa hiyo hata EGF yangu haifanyi kazi kamili bila kibali cha yai.

#32 SeliShina

Ndiyo maana mimi nilisema tutazame uwiano. Inverdale ni yai linalonong'ona badala ya kusema.

#33 MwalimuJeni

Nami naona hilo linaunga mkono hatua mbili nilizozieleza mwanzoni. Kondoo waliochanjwa ili miili yao ishambulie BMP15 yao wenyewe walionyesha mambo yote mawili: waliozuiwa kwa nguvu na kwa muda mrefu folikili zao zilikwama, na waliozuiwa kwa muda mfupi walipevusha mayai zaidi. Hao walikuwa kondoo wa kawaida wenye jeni nzima, kwa hiyo ni suala la kiasi na wakati.

#34 Mbishi_wa_Kudumu

Chanjo imenigusa, nakiri. Lakini hakuna aliyenijibu kuhusu Olkuska na Grivette tangu post ya tatu.

#35 Folikili_Mkuu

Mabadiliko yao huenda yanaipunguza protini bila kuiua. Nakala mbili dhaifu ni sawa na nakala moja nzima.

#36 Mbishi_wa_Kudumu

Basi nieleze na Booroola kwa kipimo hicho hicho. Kipokezi chake ni dhaifu katika nakala zote mbili na bado anazaa. Lakini panya aliyenyimwa BMPR1B kabisa ni tasa, na folikili zake hazikwami zikiwa changa kama za Inverdale. Zinakua mpaka mwisho, ila seli za kumulusi za Darubini hazitapakai. Kama BMP15 inapita katika kipokezi hicho, kwa nini kukosa kipokezi kunaharibu mwisho wa safari, na kukosa kichocheo kunaharibu mwanzo?

#37 SeliShina

Kwa sababu huyo ni panya, na panya hakuitegemea BMP15 tangu mwanzo. Nilisema katika post ya nane.

#38 Mbishi_wa_Kudumu

Basi anayetaka kunishinda aniletee kondoo asiye na BMPR1B kabisa. Nitasubiri hapa hapa.

#39 Mfugaji_Kimya

Asanteni wote. Mbishi, ukisubiri, nisaidie pia kutafuta dume wa Inverdale ambaye mwenyewe yuko tayari kuniambia mama yake ni nani.